Mazingaombwe ya karata kwa aliyekwisha kuanza: mwongozo kamili kutoka Lubumbashi

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kuvuka ngazi ya kwanza. Unachanganya karata bila kuziangusha, una viinimacho viwili vitatu vya kuchungulia karata ya chini au vya kuhesabu, na wadogo zako nyumbani wamekwisha kuvichoka. Sasa unataka mikono yenyewe ifanye kazi, ili mtu achague karata yoyote na wewe uiongoze unakotaka.

Wengi wanaofika hapa wanakimbilia kasi. Wanadhani siri inapita kwa sababu mkono ni mwepesi. Jicho la mtu linavutwa na mkono unaobadilisha mwendo ghafla. Ukicheza polepole kisha ukaruka kama umeungua, hata mtoto atajua kuna jambo. Siri inapita ikiwa ndani ya tendo lenye sababu: kuweka karata sawa, kukata, kumpa mtu pakiti, kutafuta kalamu. Kwa hiyo kila mbinu hapa chini ijifunze kwa utaratibu mmoja. Kwanza fanya tendo la kweli lisilo na siri yoyote, ujitazame unavyolifanya. Halafu ingiza siri ndani yake bila kubadilisha mwendo, sura ya mkono wala pumzi. Ukiruka hatua ya kwanza, ya pili haina cha kuiga.

Karata, mikono na majira

Tafuta karata za karatasi zenye ukubwa wa poka, milimita 63 kwa 88. Zipo nyembamba zaidi, za bridge, zenye upana wa milimita 57. Kama viganja vyako ni vidogo anza na hizo bila aibu, hasa kwa ajili ya kuficha kiganjani. Wanafunzi wengi duniani wanatumia Bicycle, karata za Marekani zilizoanza kutengenezwa mwaka 1885. Uso wake una vishimo vidogo vinavyoshika hewa, basi karata inateleza juu ya mwenzake bila kugandamana, na mpaka mweupe wa mgongoni unasaidia kuficha karata mbili zisipolingana kwa unywele. Karata za plastiki tupu ni imara kwa kuchezea, hata zikimwagikiwa kinywaji zinafutika, lakini kwa kazi yetu zinateleza mno. Karata mbili zinakataa kukaa kama moja.

Lubumbashi ina majira mawili, na mikono inayajua yote mawili. Kuanzia Mei mpaka Septemba hewa ni kavu, na asubuhi za Juni na Julai ni baridi. Ncha za vidole zinakosa mshiko kabisa. Paka glisirini kidogo usiku kabla ya kulala, usipake dakika tano kabla ya kucheza. Ukiwa tayari mbele ya watu, pumulia ncha za vidole mara moja, kama mtu anayejipasha joto. Mvua zikija, karata zinanyonya unyevu na kupinda. Zirudishe ndani ya boksi kila ukimaliza, na usiku ziwekee kitu kizito juu. Vumbi jekundu ndilo adui mkubwa zaidi: chembe chache tu kati ya karata zinaharibu kila kitu. Nawa mikono, futa meza, tandika kipande cha blanketi au kitenge kilichokunjwa mara nne. Kitambaa hicho pia kinakuwezesha kuokota karata moja bila kuikwaruza kwa kucha.

Mshiko na mwanya

Pakiti ilale ndani ya mkono wa kushoto, kidole cha shahada kikiwa kwenye ukingo wa mbele, gumba juu upande wa kushoto, na vidole vitatu vilivyobaki upande wa kulia. Kaa nayo hivyo ukiongea na watu, ukisikiliza redio, ukingoja bukari (ugali) iive. Lazima pakiti iwe na makazi mkononi.

Mwanya ni nafasi ndogo ndani ya pakiti inayoshikwa na nyama ya kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Ndiyo mlango wa karibu kila mbinu ya ngazi hii. Mwombe mtu arudishe karata yake juu ya nusu ya chini, kisha weka nusu ya juu mahali pake huku nyama ya kidole hicho ikibaki katikati. Usiingize kidole kizima. Ncha tu, hata milimita mbili zinatosha. Ukiona kutoka mbele kwamba pakiti imefunguka mdomo, umezidisha. Bonyeza ukingo wa mbele kwa kidole cha shahada, na mwanya utabaki nyuma tu, upande wako.

Kuinua mbili kama moja

Hapa ndipo ninapokuomba ukae muda mrefu kuliko pengine popote. Mtu akiijua mbinu hii vizuri ana kazi ya maisha; akiijua nusu, kila kiinimacho chake kinanuka.

Lengo ni kugeuza karata mbili za juu kwa pamoja ili watu waamini wameona karata ya juu, kumbe wameona ya pili. Anza na tendo la kweli. Geuza karata moja ya juu mara nyingi, bila hila, na uwe mwangalifu: unaishika kona gani? Inapinduka kwa upande au kwa urefu? Inatua wapi? Irekodi kwa simu. Hiyo ndiyo sura utakayoiiga.

Sasa maandalizi. Ukiwa unaongea, sukuma kwa gumba la kushoto karata tatu nne za juu zielekee kulia kidogo, kama mtu asiye na jambo. Unapozirudisha sawa, kidole cha mwisho kinanasa mwanya chini ya ya pili. Tendo hili lifanyike mapema, wakati hakuna anayengoja chochote, labda ukiwa unamuuliza mama aliyekaa mbele yako jina la karata aliyoitaja. Anayetafuta mwanya wakati watu wote wanatazama pakiti amechelewa.

Mkono wa kulia uje kwenye kona ya kulia iliyo karibu nawe, gumba juu, shahada na kidole cha kati chini, ukiingia palepale kwenye mwanya. Shika karata mbili kama ungeshika moja. Wanafunzi wengi wanabana kwa nguvu, wakiogopa zitaachana, na kubana huko ndiko kunakozitenganisha. Pindua kuelekea kushoto, ziache zitue juu ya pakiti zikiwa zimetokeza mbele kama sentimita moja. Gumba na vidole vya kushoto vinazishika pande mbili na kuzinyoosha papo hapo. Watu wanaona saba ya kopa. Waache waione. Hesabu pumzi moja kamili, kisha pindua tena kwa njia ileile, sukuma ndani, na sasa telezesha karata moja tu ya juu mezani. Wao wanajua ni saba ya kopa. Saba ya kopa bado iko juu ya pakiti.

Simu itakuonesha vitu viwili. Cha kwanza, sauti: mbili zikiachana zinatoa mlio mdogo, “tsk”. Cha pili, macho yako. Karibu kila mwanafunzi anafumba macho kwa nukta anapofanya siri, na yeye hajui. Njia ya kuponya kope ni kuifanya mbinu hiyo ukiwa unamtazama mtu usoni na kumaliza sentensi. Umeme ukikatika jioni, usiweke karata chini: fanya mwanya gizani kwa mguso peke yake, kisha mulika kwa tochi ya simu uone kama umenasa mbili au tatu.

Kuileta karata juu

Mtu amerudisha karata, una mwanya juu yake. Njia rahisi ni kukata mara mbili. Mkono wa kulia ushike pakiti kutoka juu, gumba nyuma na kidole cha kati mbele, na gumba lipokee mwanya kutoka kwa kidole cha mwisho. Mkono wa kushoto uvute kutoka chini karibu nusu ya karata zilizo chini ya mwanya, uziweke juu. Kisha uvute zote zilizobaki chini ya mwanya, uziweke juu. Karata ya mtu sasa ni ya kwanza. Ifanye kwa uvivu, ukitazama watu.

Njia ya pili ninaipenda zaidi kwa sababu watu wanaona karata zikichanganywa kwelikweli. Karata ya mtu iko juu. Shika pakiti kwa kuchanganya kwa mikono, ile ya kumwaga karata chache chache. Chukua nusu ya chini kwa mkono wa kulia. Karata ya kwanza unayoiacha juu ya ile ya mtu iache ikitokeza nyuma, upande wako, kama sentimita moja. Mwaga zilizobaki juu yake bila mpangilio, nyingine huku, nyingine kule, ili ile iliyotokeza ijifiche katika vurugu. Mwisho, gumba la kulia lisukume juu ile inayotokeza, mkono uchukue zote zilizo chini yake na kuzitupa juu. Ya mtu imerudi juu. Ukitaka kujipima, chagua mfalme wa shupaza, changanya hivi mara tatu mfululizo, kisha fungua karata ya juu. Ikiwa si yeye, ile iliyotokeza ilirudi ndani wakati ukinyoosha pakiti. Acha kunyoosha mpaka utakapokuwa umekata.

Kuna mbinu nyingine maarufu, ya kubadilisha nusu mbili za pakiti kwa siri ndani ya mikono. Iache kwanza. Inachukua miaka, na njia hizi mbili zinafanya kazi ileile mbele ya watu wa kawaida.

Kuficha kiganjani

Karata ya mtu iko juu, pakiti iko mkono wa kushoto. Mkono wa kulia unakuja juu yake kuinyoosha, vidole vinne vikiwa pamoja mbele, gumba nyuma. Tendo la kweli ni hilo: kunyoosha. Lifanye mara nyingi bila kuiba chochote.

Halafu, kwa gumba la kushoto, sogeza karata ya juu kidogo kulia. Ncha ya kidole cha mwisho cha kulia ibonyeze kona ya mbele ya karata hiyo. Itanyanyuka yenyewe na kuingia kiganjani, ikae kati ya kiungo cha kidole hicho na nyama iliyo chini ya gumba. Vidole vijikunje kidogo, kama mkono uliopumzika juu ya goti. Gumba lisisimame, vidole visiachane. Karata ikionekana kati ya vidole viwili, yote yameisha.

Sasa sikiliza vizuri. Usiondoe mkono wa kulia. Uache palepale, ukishika pakiti, na mkono wa kushoto ndio uondoke. Au mkono wa kulia umpe mtu pakiti na kubaki karibu na mwili. Jicho linafuata kinachosogea. Mkono uliobeba siri hauna haraka ya kwenda popote.

Mkono huo unahitaji safari yenye sababu. Kalamu ndiyo bora. Kama mtu alitia sahihi kwenye karata mwanzoni, wote wamekwisha kuona kalamu ikitoka mfuko wa kulia na kurudi humo. Ukiingiza mkono sasa kuitafuta tena, hakuna anayeuliza. Karata inabaki mfukoni, kalamu inatoka. Kuingia mfukoni bila sababu, halafu kutoa karata ya mtu, ni kujisema mwenyewe.

Tatizo moja la kwetu. Uko ndani ya lupango, yaani uwanja wa nyumba, karata iko kiganjani, na mzee anaingia, ananyoosha mkono kusalimia. Huwezi kumpa mkono wa kushoto. Usitoroke wala usigande: rudisha pakiti chini ya mkono wa kulia, karata ikae juu yake tena, hamishia yote kushoto, na msalimie mzee kwa mkono wa kulia uliofunguka. Hujapoteza chochote, karata iko juu, utaichukua baadaye. Kwa hiyo jizoeshe kurudisha kama unavyojizoesha kuiba.

Hesabu ya Elmsley

Alex Elmsley, mwanamazingaombwe wa Uskoti, alituachia katikati ya karne iliyopita namna ya kuhesabu karata nne kama nne huku moja haionekani kamwe. Tuziite A, B, C, D kutoka juu. Zishike ukingo wa kulia kwa mkono wa kulia, gumba juu, vidole viwili chini. Moja: mkono wa kushoto unachukua A. Mbili: gumba la kulia linasukuma B na C pamoja kama moja, mkono wa kushoto unapokuja kuzipokea, A inateleza chini ya D na kubaki mkono wa kulia. Tatu: chukua D. Nne: chukua A, ambayo watu wamekwisha kuiona. C haikuonekana, na sasa iko chini kabisa. Weka C ikiwa imegeuzwa uso, na hesabu itaonesha migongo minne.

Midundo minne lazima ilingane. Hesabu kwa sauti, ukitembeza mikono kwa mwendo mmoja, na mdundo wa pili usiwe mrefu kuliko wenzake. Nafanya hivi nikifuata rumba ya polepole redioni. Mwendo wake unasahihisha mikono bila kuifikiria.

Macho, maneno na mahali pa kukaa

Mtu akiulizwa swali kwa jina lake, anainua kichwa akutazame. Nukta hiyo ni yako. Nukta nyingine inakuja baada ya kicheko, watu wanapodhani kiinimacho kimeisha. Wewe mwenyewe usitazame mkono wenye siri. Tazama pale unapotaka watazame. René Lavand, mwanamazingaombwe wa Argentina, alipoteza mkono wake wa kulia akiwa mtoto wa miaka 9, akajenga sanaa yake yote kwa mkono wa kushoto uliobaki, na alisifika kwa kucheza polepole sana. Mbele ya kazi kama hiyo, hoja ya kasi inakosa pa kusimama.

Katika mitaa ya Lubumbashi kama Kamalondo au Katuba hutapata watazamaji waliokaa mstari mmoja mbele yako. Wanakuzunguka, na watoto watasimama nyuma ya viwiko vyako kabla hujafungua boksi. Kaa mgongo ukiwa ukutani. Waite watoto waje mbele, wakae chini; ni heshima kwao na ni usalama kwako. Ukikosa ukuta, usifiche kiganjani siku hiyo. Kuinua mbili na kuchanganya kunastahimili pande nyingi zaidi.

Kuunganisha: karata inayopanda

Mbinu zikikaa peke yake zinakuwa mazoezi tu. Kiinimacho cha karata inayopanda kinazitumia karibu zote, na kina historia nzuri. Mwaka 1922 huko Chicago, Dai Vernon, bingwa wa karata, alimwonesha Houdini, mwanamazingaombwe maarufu aliyejigamba kwamba akiona kiinimacho mara tatu atakijua. Vernon akarudia zaidi ya hapo. Houdini hakujua.

Mtu anachagua karata na kutia sahihi kwenye uso wake. Irudishe, ilete juu kwa kukata mara mbili, na uioneshe: imepanda. Ilaze juu tena. Kwa mwendo wa pili inua mbili: ya pili inaonekana kuwa karata nyingine tu, na mtu anasema “hapana, hiyo si yangu”. Rudisha, piga kidole, geuza moja: ni yake. Kwa mwendo wa tatu nasa mwanya chini ya mbili wakati wakishangaa bado, inua mbili: wanaona sahihi na kudhani ni ya juu, kumbe ni ya pili. Ili ifike hapo, ilaze chini ya moja waziwazi kabla. Geuza mbili zilale tena, sukuma ya juu katikati ya pakiti taratibu mbele ya macho yao, wakiamini ni yenye sahihi, kisha geuza ya juu. Mwendo wa mwisho uwe tofauti: changanya ukiitunza juu, ifiche kiganjani, mpe mtu pakiti aitafute mwenyewe, na wewe nenda mfukoni kuchukua kalamu umwandikie jina la karata. Akiikosa, mwambie ashike mfuko wako mwenyewe. Miendo minne inatosha. Ukiongeza wa tano kwa sababu wanashangilia, mtu mmoja ataanza kutazama mikono.

Yale unayopaswa kusema kwa sauti

Kwetu mtu akiona karata yenye jina lake ikitoka mfukoni, wapo watakaosema bulozi, yaani uchawi. Sema mwanzoni kabisa, kwa maneno wazi: “Huu ni mchezo wa mikono, nimejifunza.” Kisha usivunje kauli hiyo kwa kujifanya una nguvu. Zaidi ya yote, usimhusishe mtoto. Usiseme mtoto huyu ndiye aliyeigeuza karata, usimpe uwezo wa kubashiri hata kwa mzaha. Mzaha huo ukitoka nje ya lupango unaweza kumfukuzisha nyumbani. Kifungu cha 41 cha Katiba ya nchi yetu, Kongo, ya 2006 kinakataza kumshtaki mtoto kwa uchawi, na sheria inaadhibu; lakini sheria inafika mtoto akiwa amekwisha kuumia.

Kamari pia iache. Anayejua haya na kukaa kwenye karata za pesa ni mwizi, na mchezo wa karata tatu unaochezwa barabarani kula pesa za wapita njia ni wizi uleule. Wakikuomba ucheze pesa, onesha wazi mikono yako inafanya kazi gani na ukatae.

Ukikamatwa, mtu akisema “umeinua mbili”, usibishane. Mpe pakiti aikague, msifu kwa jicho lake, na endelea na kiinimacho kisichotumia mbinu hiyo, kwa mfano kile cha kuchanganya na kuleta juu. Nyumbani, rudia rekodi, tafuta nukta aliyoiona. Mara nyingi utaikuta kwenye maandalizi, sekunde kadhaa kabla ya kugeuza, mahali ambapo ulikuwa umenyamaza.